Mbegu Sugu Ina Umri: Kanola ya Australia na Pamba ya Ukiriguru

Mwaka 2003 wakulima wa rasi ya Eyre, Australia Kusini, walipanda kanola iliyokuwa ikiuzwa kwa sifa ya kutoguswa na ugonjwa. Mbegu hiyo ilikuwa na miaka mitatu tu sokoni. Kabla ya mavuno mashamba yalikuwa yamelala, mashina yamekatika usawa wa udongo, na palipoharibika zaidi hasara ilifika asilimia 90. Mbegu nyingine za eneo hilohilo, zile ambazo ukinzani wake ulionekana wa wastani na usio na cha kujivunia kwenye matangazo, hazikuanguka namna hiyo.

Mwanza hatulimi kanola. Wakenya wanailima kwenye baridi ya Timau, sisi tunaijua kwa chupa ya mafuta dukani, basi. Lakini mmea wenyewe si mgeni kwetu kama jina lake linavyodhaniwa: ulitokana na kuchanganyika kwa ukoo wa kabichi na sukuma wiki na ukoo wa chainizi, mboga ambazo asubuhi yoyote utazikuta zimepangwa mafungu mafungu soko la Igoma. Na kuvu iliyoangusha mashamba ya Eyre inatufundisha jambo ambalo nchi yetu, kila inapozindua mbegu mpya kwa maturubai na ngoma, haionekani kulifikiria: neno “sugu” kwenye mfuko wa mbegu lina tarehe ya kuisha, hata kama haikuchapishwa.

Swali ambalo kila mtu huanza nalo ni ugonjwa huu ni mkali kiasi gani. Jibu la namba halisaidii sana. Katika miaka ya kawaida mkulima wa kanola hupoteza chini ya asilimia 10 ya mavuno, pengine asitambue kabisa. Mwaka mbaya, kwa mbegu isiyo na kinga, anapoteza karibu yote. Kuvu ni ileile, upepo ni uleule. Kinachotofautiana ni kilichopandwa, kilipandwa wapi, na kwa miaka mingapi mfululizo. Ndiyo maana huwa naguna nikisikia ugonjwa wa mazao ukitajwa redioni kwa asilimia moja tu ya hasara, kana kwamba ukali ni kilo zinazobebwa na kimelea mgongoni.

Kitaalamu kuvu hiyo ni Leptosphaeria maculans, na wakulima wa huko wanauita ugonjwa wake mguu mweusi. Inaishi kwenye mabua yaliyobaki shambani baada ya mavuno. Mvua za mwanzo wa msimu zikiyalowesha, vifuko vidogo vyeusi vilivyokomaa juu yake hufyatua spora, yaani chembe ndogo za uzazi wa kuvu, na upepo huzibeba. Nyingi huanguka ndani ya mita 500, na washauri wa kilimo wa Australia humtaka mkulima aweke kanola mpya umbali usiopungua huo kutoka kwenye mabua ya mwaka uliopita. Chache husafiri kilometa kadhaa. Spora ikitua kwenye jani changa lenye unyevu huota, huingia kwa vitundu vya hewa vya jani au kwa jeraha, na baada ya wiki mbili hivi hujitokeza doa la kijivu lenye vitone vyeusi.

Asiyejua hudhani doa ndilo ugonjwa. Doa haliui. Kuvu huteremka ndani ya kikonyo cha jani hadi shinani na hukaa humo miezi bila dalili yoyote nje. Mmea unarefuka, unachanua maua ya njano, shamba zima linang'aa, mwenye shamba anapiga hesabu za madeni atakayolipa. Mavuno yakikaribia, shina linaoza pale linapokutana na udongo, mirija ya maji inakatika, mmea unalala. Anayeleta pampu ya dawa wakati huo anamwaga fedha chini. Vita ilikwisha siku mche ulipokuwa na majani machache, kwa sababu ulioambukizwa utotoni ndio mara nyingi huishia kuoza shina, na ulioambukizwa ukubwani huponea. Ndiyo sababu dawa za kuvu za ugonjwa huu hupakwa kwenye mbegu au kuchanganywa na mbolea ya kupandia, zimlinde mtoto.

Sasa tuje kwenye kinga ya mbegu yenyewe, maana hapo ndipo mambo yanapotatanisha.

Zipo kinga za aina mbili, na huuzwa kwa neno moja. Ya kwanza hutegemea jeni moja inayofanya kazi kama mlinzi wa getini anayemtambua mwizi kwa kofia yake. Kofia ni protini ambayo kuvu huitoa inapolivamia jani. Mlinzi akiiona, seli za jirani hujiua zenyewe, kuvu hukosa chakula, safari yake inaishia hapo. Kinga hii inapendeza macho: jani safi, shamba la maonyesho safi, picha safi kwenye kalenda ya kampuni. Lakini mlinzi huyo anaijua kofia moja tu. Mwizi akiivua, anapita akipunga mkono.

Na kwa kuvu hii, kuvua kofia ni kazi ndogo. Ramani ya urithi wake ilipochapishwa mwaka 2011 ilionyesha kwamba yapata theluthi moja ya urithi huo ni maeneo yenye jeni chache na marudio mengi, na jeni za kofia nyingi zimekaa humo. Maeneo hayo hubadilika haraka kuliko mengine. Jeni ya kofia inaweza kuvurugika au kupotea kabisa, na kuvu ikaendelea na maisha. Zaidi ya hapo, kila mwaka kuvu hupandana juu ya mabua, urithi wa wazazi wawili unachanganywa upya, na watoto wanakabidhiwa kwa upepo. Katika mamilioni ya spora zinazotoka shamba moja, zile chache zilizokwisha kuvua kofia hazihitaji bahati kubwa. Zinahitaji tu kukuta mashamba yote ya jirani yamewekwa mlinzi yuleyule. Wenzao wote wanazuiwa getini, chakula chote kinabaki kuwa chao.

Lipo fumbo zaidi ya hilo, na nakiri kulipenda. Kofia moja inaweza kuifunika nyingine. Protini iitwayo AvrLm4-7 huifanya AvrLm3 isitambuliwe na mlinzi wake, Rlm3, ingawa ipo kichwani muda wote. Wakulima wakipanda mbegu zenye mlinzi mwingine, Rlm7, kuvu inalazimika kuivua ile ya juu, na ya chini inaonekana tena. Mlinzi wa zamani aliyekuwa amestaafishwa anaweza kurudi kazini. Maana yake ni kwamba walinzi wanaweza kupokezana zamu, mradi kuwe na mtu anayejua nani yuko wapi mwaka gani.

Kinga ya pili haina mlinzi maarufu. Ni jeni nyingi ndogo ndogo, moja inachelewesha kuvu kwenye kikonyo, nyingine inakaza shina, nyingine inafanya kitu ambacho hakina jina. Mmea unaambukizwa, doa linaonekana, lakini shina halianguki. Kwenye shamba la maonyesho kinga hii ni aibu tupu, kwa sababu mgeni rasmi anaona madoa. Kwa mkulima wa miaka kumi ijayo ndiyo mali.

Wafaransa walizipima kinga hizi mbili kwa pamoja, matokeo yakatoka 2010. Walichukua mlinzi mmoja, Rlm6, wakamweka ndani ya mbegu mbili: moja haina kinga nyingine yoyote, ya pili tayari ina zile jeni nyingi ndogo. Wakazipanda msimu baada ya msimu kwa namna ambayo kuvu iliyosalia kwenye mabua ya kila mbegu ndiyo iliyoishambulia mbegu hiyo mwaka uliofuata. Ndani ya mbegu dhaifu, mlinzi alikuwa ameshindwa baada ya misimu mitatu. Ndani ya ile nyingine aliendelea kufaa hata baada ya hapo. Mlinzi yuleyule, kuvu ileile. Kilichomwongezea maisha ni nyumba aliyowekwa kuilinda.

Ukiyajua hayo, ya Eyre hayashangazi. Kinga ya mbegu ile ilitoka kwa mboga-mwitu ya ukoo wa chainizi iitwayo sylvestris, ilikuwa ya mlinzi, na ilipandwa kwa wingi, haraka, katika eneo moja. Ufaransa nayo ilikuwa imepitia hayo mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa mlinzi aitwaye Rlm1. Kanada ilitegemea zaidi Rlm3 kwa muda mrefu, wakulima wakafupisha mzunguko wa mazao kwa sababu bei ya kanola ilikuwa tamu, na kuvu ikajifunza.

Mwanza ina historia yake ya jambo hili, na si ya kujificha nayo.

Kusini mwa jiji, wilayani Misungwi, kipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichoanza kazi ya pamba tangu miaka ya 1930. Katika miaka ya 1950 mashamba ya pamba ya kandokando ya ziwa yalianza kuonyesha mnyauko fuzari. Mkulima yeyote mzee wa Magu atakuonyesha dalili zake bila kitabu: majani yanageuka njano kuanzia kingoni, mmea unasinyaa wakati udongo bado una maji, na ukipasua shina kwa kisu unakuta mstari wa kahawia ndani ya mti. Kuvu yake, Fusarium oxysporum, haipeperushwi kama ya kanola. Inaishi ardhini kwa miaka mingi, hata pamba isipolimwa. Husafiri na udongo uliong'ang'ania jembe, na maji ya mvua, na mbegu iliyotoka kwenye mmea mgonjwa. Kwenye udongo wa kichanga wenye minyoo fundo inakuwa mbaya maradufu, kwa sababu minyoo huitobolea mizizi.

Watafiti wa Ukiriguru walifanya kitu kisicho na mvuto. Walitenga ardhi iliyoambukizwa, wakaiacha iugue makusudi, wakapanda humo vizazi vya pamba na kuchagua vilivyosimama. Mwaka hadi mwaka. Humo ndimo zilimochujwa mbegu tunazozijua kwa herufi za kituo na mwaka: UK77, UK82, UK91, UKM08. Kinga yake ni ya aina ya pili. Haijawahi kuwa kamili, na hata kwenye shamba la mbegu nzuri utakuta mche mmoja mmoja umenyauka. Lakini hatujawahi kuamka msimu mmoja tukakuta pamba ya kanda nzima imelala kama kanola ya Eyre.

Nisiwape watafiti wetu sifa zote. Sehemu ya sifa ni ya kuvu yenyewe. Fuzari ya pamba haijulikani kupandana, inatembea polepole, na haina upepo wa kuisaidia. Imejikuta ikipambana na kinga ya taratibu kwa mwendo wa taratibu. Ndiyo maana naona hatari mahali ambapo wengi wanaona ushahidi wa uhodari: tumezoea ugonjwa unaotembea kwa miguu, na tunadhani yote hutembea hivyo.

Mifano ya ile inayoruka iko karibu. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, mwaka 1998 ngano yenye mlinzi aitwaye Sr31 ilikutwa na kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu ya upepo. Sr31 ilikuwa imetumainiwa katika ngano za sehemu kubwa ya dunia kwa miongo kadhaa. Kutu hiyo ilipewa jina Ug99, kwa mwaka ilipotambuliwa rasmi, ikaingia Kenya, Ethiopia, ikavuka bahari hadi Yemeni 2006 na Irani 2007. Kwa kahawa, Kagera wanaikumbuka kuvu nyingine ya jamii ya fuzari iliyoingia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kukausha robusta. Hatulimi ngano Mwanza, na kahawa ni ya Wahaya. Mpunga je?

Majaruba ya Magu, Kwimba, Misungwi na Sengerema yana kuvu yake, ile ya madoa yenye umbo la jicho kwenye majani na ya kukata shingo ya suke. Kwa tabia inafanana na ya kanola kuliko ya pamba: spora zake zinaruka, hujificha kwenye majani makavu ya mpunga, na kinga za mlinzi mmoja dhidi yake zimevunjika katika nchi nyingi ndani ya miaka miwili mitatu ya kupandwa kwa wingi. Alizeti nayo ina kutu, kuvu ya upepo yenye mchezo huohuo wa mlinzi na kofia. Na ni mazao haya mawili, mpunga na alizeti, ambayo mbegu zake mpya zinasukumwa kwa nguvu Kanda ya Ziwa na jirani zake, alizeti hasa kwa kuwa nchi imechoka kuagiza mafuta ya kula kwa dola.

Napingana na wanaosema tuige Australia moja kwa moja. Ushauri wa mita 500 unamhusu mwenye hekta elfu moja. Mwambie mkulima wa Kwimba mwenye ekari mbili aweke zao lake mita 500 kutoka kwenye mabua ya mwaka jana, atakuuliza kama unamtuma akalime kwa jirani. Kuchoma mabua pia si jibu la kila kitu. Wakulima wa pamba wanalazimishwa kung'oa na kuchoma masalia, jambo jema kwa ajili ya wadudu, lakini moto huo hauigusi fuzari iliyolala ardhini.

Tena, udogo wa mashamba yetu ni kinga ambayo Waaustralia hawana. Ukisimama juu ya jiwe lolote kubwa pale Misungwi unaona pamba, kando yake mihogo, halafu mahindi yaliyochanganywa na choroko, halafu viazi vitamu, chini mbugani mpunga, na mpunga ukivunwa dengu inafuata. Spora inayoruka katikati ya vurugu hiyo hutua mara nyingi mahali pasipo na chakula chake. Wazee wetu hawakupanga hivyo kwa sababu ya kuvu, walipanga kwa sababu ya njaa, lakini faida ni ileile.

Faida hiyo inaweza kufutwa na jambo moja, nalo ni mpango wa kugawa mbegu moja. Mashamba elfu kumi ya ekari moja moja yakipewa mbegu ya mfuko mmoja, yenye mlinzi mmoja, kuvu ya upepo haioni mipaka ya katani wala ya kijiji. Inaona shamba moja la ekari elfu kumi lenye vichaka katikati. Hapo ndipo tunapoweza kujitengenezea Eyre yetu bila kuwa na trekta hata moja.

Kwa pamba nakubali kuna sababu ya mbegu moja. Vinu vya kuchambua pamba vinataka nyuzi za urefu mmoja, mnunuzi wa nje analipa kwa usawa wa nyuzi, na kuchanganya mbegu kumewahi kutuharibia jina. Na kwa kuwa kinga ya pamba yetu ni ya jeni nyingi dhidi ya kuvu ya ardhini, hatari ni ndogo. Hatari kubwa zaidi kwa pamba ni mbegu kutoka maeneo yenye mnyauko kurudishwa na vinu kwenye vijiji visivyo nao. Biashara ya dunia inalijua hilo la kusafiri na mbegu: Novemba 2009 China iliwekea masharti mazito kanola kutoka Kanada kwa hofu ya mguu mweusi huohuo, kwa sababu kwake kuvu kali haikuwapo, ilikuwapo ndugu yake mpole tu. Mizigo ya meli nzima ikawa suala la mabalozi.

Mpunga na alizeti hazina udhuru huo wa nyuzi. Mlaji wa Kirumba hajali kama wali wake umetoka kwenye mbegu tatu au nne, mradi unukie. Mbegu ya mpunga ya SARO 5 imependwa kwa mavuno na harufu yake, nami naila kwa furaha, lakini kupendwa kwa mbegu ni jambo moja na kuifanya iwe peke yake ni jingine. Alizeti ya zamani tunayoiita Rekodi inasemwa vibaya kwa mafuta machache, na ni kweli. Ila mimea yake huchavuliana huria, haifanani mmoja na mwenzake, na kuvu inayokutana nayo inalazimika kujifunza upya kila hatua. Chotara mpya zina mafuta zaidi na mimea inayofanana kama sare za shule. Tuzipande, sawa. Tujue tu tumebadilisha nini kwa nini.

Kuna kitu kimoja cha Australia ambacho ningekiiga kesho. Huko kanola zote hupangwa katika makundi ya herufi kulingana na aina ya walinzi zilizo nao, na orodha hutolewa upya kila mwaka. Mkulima akiona kundi lake limeanza kuugua, anahamia kundi jingine. Mwaka 2012, kwenye rasi ileile ya Eyre, vipande vya majaribio vilikuwa vimekwisha kuonyesha kwamba kundi la D linaelekea kushindwa. Wakulima wakaonywa kabla ya kupanda, wengi wakabadilisha mbegu, na hasara kubwa ikaepukwa. Kanada nayo, mwishoni mwa muongo huo, ilianza kuruhusu makampuni kuandika kundi la ukinzani kwenye mbegu zao.

Najua jibu litakalokuja: mkulima wetu hasomi herufi kwenye mfuko. Kwanza si kweli kwa kiasi inavyosemwa, maana huyohuyo anasoma namba ya vocha yenye tarakimu kumi na zaidi gizani. Pili, si lazima asome yeye. Bwana shamba wa kata anasoma. Mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayeagiza mbegu za wanachama mia tatu anasoma. Mwenye duka la pembejeo Nyegezi anasoma, akipenda asipende, kama sheria ya mbegu ikisema lazima iandikwe. Kwa sasa mifuko ninayoiona madukani inataja siku za kukomaa, mavuno kwa ekari na uotaji. Ugonjwa unatajwa kwa neno moja, “sugu”, bila kusemwa ni sugu kwa njia gani.

Gharama ya kufuatilia si ya kutisha. Kwa mpunga inahitaji vipande vidogo vya mbegu kumi au kumi na mbili, kila moja na mlinzi wake tofauti, vinavyopandwa kila msimu sehemu zilezile za Magu, Kwimba, Misungwi na Sengerema, pembeni mwa majaruba ya watu, na mtu mwenye pikipiki wa kupita kila wiki kuhesabu madoa. Mbegu za kulinganishia walinzi wa mpunga zipo, watafiti wa mpunga duniani wamekuwa wakizitumia na kupeana kwa miaka. Wataalamu wa kuzisoma wako Ukiriguru na Chuo Kikuu cha Sokoine. Mbegu yenye mlinzi fulani ikianza kutoka madoa kwenye kipande cha Magu, wanaozalisha mbegu hiyo kwa ajili ya mgao wa mwaka unaofuata wanapaswa kupigiwa simu wiki hiyohiyo, kabla tani zake hazijafungwa kwenye mifuko.